Unga wa Mlima

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula maembe mabichi ya kuchemsha, asubuhi na jioni, pamoja na maharagwe ya msaada ambayo ungeyapika tangu alfajiri na bado yakakugonga meno. Mahindi yalikuwa chini ya maji. Mpunga ulikuwa chini ya maji. Kambale waliogelea ndani ya jiko langu, na hao pia tuliwala, mpaka mtu akisikia harufu ya samaki anageuza uso.

Mto Tana uliposhuka, kijiji chetu kilikuwa kimeondoka. Watu wote walihamia mlimani. Nasema mlimani, lakini ni mwinuko tu kando ya barabara ya Garsen, mahali ambapo mbuzi akisimama anaonekana mrefu. Walipata mahema, kisha mabati, kisha wakazoea. Mimi nilirudi shambani. Nilikuta nyumba imelala, ghala halipo, mlango umekwenda baharini. Kitu kimoja tu kilikuwa palepale nilipokiacha: jiwe langu la kusagia.

Jiwe hilo lazima nilieleze. Kwetu huku hakuna mawe. Chimba kisima, chimba kaburi, utatoa udongo mpaka uchoke. Hata mafiga twayafinyanga. Ukiona jiwe, ujue kuna mtu kalileta. Langu lilikuja nami nilipoolewa kutoka Ndera, ndani ya mtumbwi, kati ya miguu yangu, na marehemu mume wangu akalalamika njia nzima kwamba ameoa mmoja na kubeba wawili.

Mwanangu wa kwanza alikuja kutoka Mombasa, akasimama kwenye matope na viatu vyake vizuri.

"Mama, nimekutengea chumba. Kina vigae. Kina choo humohumo."

"Choo humohumo mtu anamolala? Na nyinyi mwajiita watu safi."

"Si mzaha, Mama. Mto utarudi. Uko peke yako huku. Ukianguka, nani atajua?"

Nikamwambia: "Siendi. Anayenitaka anajua nilipo."

Nilisema kwa sauti ili waliomsindikiza wasikie. Wakacheka, naye akaondoka amenuna. Nilijiona mshindi mpaka nilipoepua ugali na kuona nimesonga wa watu wanne.

Kelele hazikunikosa. Vyura walikuwepo, viboko walikoroma huko majini, ndege wa mpunga walinitukana kutwa. Kilichokosekana ni moshi. Zamani ukitoka nje asubuhi, uliona moshi huku na moshi kule, ukajua fulani ameamka, fulani bado mvivu. Sasa moshi ulikuwa mmoja, na niliyeuwasha ni mimi. Nilifika mahali pa kugombana na kuku. Kuku hajui kugombana. Anakutazama kwa jicho moja halafu anakwenda zake.

Shamba lilipokauka, akaja mjukuu wangu, binti wa huyohuyo mwanangu. Anasoma chuo kikuu, na anachosomea ni udongo. Ndiyo, udongo. Mimi nilitolewa shule darasa la pili nikaulime, yeye atapewa cheti kwa kuutazama. Nimewaambia watu wote habari hiyo, hata wasiouliza.

Alikuja kwa gari na wenzake watatu, wana bomba refu la chuma, wakaomba ruhusa ya kutoboa shamba.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita, "umekosa mume mjini, umekuja kumchimbua wangu?"

"Wako sitamgusa, Nyanya. Nataka matope yake tu."

Walilipigilia bomba, wakalivuta, na matope yakatoka marefu kama mhogo uliomenywa. Mjukuu wangu akamega kidogo akanitilia kiganjani. Nikayasugua kwa kidole, nikayaonja, kama nilivyozoea kufanya kabla ya kupanda.

"Laini kama unga," nikasema.

"Ni unga kweli, Nyanya. Huu ulisagwa na barafu kule Mlima Kenya."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mimi barafu ninazozijua ni mbili: ile nyekundu ya watoto, ya mfuko wa nailoni, na ile ya wavuvi wa Kipini, kule pwani, wanayofukia samaki, ambayo ikifika Garsen ni maji.

"Kitu kinachoyeyuka mkononi mwa mtoto ndicho kilichosaga mlima?"

"Ilikuwa nene, Nyanya. Weka mnazi juu ya mnazi, na juu yake mwingine, na bado. Ikawa inateremka bondeni polepole, imeshika mawe chini ya tumbo lake, inasugua."

Akanionyesha kwa ngumi juu ya kiganja. Nikaenda kuleta jiwe langu, nikamwekea mkono wake pale katikati palipoliwa na kusaga kwangu miaka yote.

"Hivi?"

"Hivyohivyo."

Akaniambia mto ndio uliouzoa ule unga. Vizito ukaviacha njiani, mawe kwanza, kisha kokoto, kisha mchanga. Chepesi ndicho kilichofika kwetu. "Lakini si wote," akaongeza, maana wamemfundisha kutodanganya. "Mwingi wa huu wa juu ni wa mashamba ya huko, unasombwa na mvua za siku hizi."

"Najua. Walime wao, nivune mimi."

Bomba lilipoingia chini zaidi, likatoa matope meusi yanayonuka Kipini kabisa, yana vipande vya mizizi ya mikoko. Akaniambia hapo palikuwa pwani. Zamani sana, katika nchi za baridi, barafu ilifunika nchi nzima nzima ikafungia maji, na bahari ikawa mbali. Ilipoyeyuka, bahari ikapanda hadi huku, halafu mto ukairudisha nyuma kwa matope, kidogo kidogo.

"Unaona, Nyanya? Hata bahari ilihama."

Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya baba yake.

"Bahari haikuolewa hapa," nikasema.

Akainama. "Baba amenituma. Kiti kimoja garini ni chako."

Nikafuta matope kiganjani. Akatoa simu, nadhani ili tu tuzungumze jambo jingine, akanionyesha picha ya huko juu mlimani. Nyasi tupu, na katikati jiwe kubwa kama nyumba, peke yake.

"Kalileta nani?"

"Barafu. Ililibeba kutoka mbali, halafu ikayeyuka, ikaliacha."

"Nalo halijaondoka?"

"Litaondokaje, Nyanya?"

Niliishika simu ile mpaka ikajizima. Na mimi kuna mtu alinileta, halafu akaenda zake.

Wakafungasha. Yale matope waliyaviringisha kwenye plastiki, wakayalaza kwenye kiti changu juu ya blanketi, wakayafunga mkanda yasitikisike. Mjukuu wangu akaingia, akatoa mkono dirishani akanishika. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nyanya, nimwambie nini Baba?"

Nilitaka kumwambia shuka, ubaki hata siku mbili, nimesonga ugali mwingi. Dereva akawasha gari.

"Mwambie hivi," nikasema. "Siendi. Anayenitaka anajua nilipo."