Anwani, Tarehe, Saa Nne

Kurugenzi ya maktaba ya chuo inautangazia umma kwamba kumbukumbu za mtandao wa kuficha watumiaji sasa zinatafutika kwa urahisi, na mtu yeyote, bila msaada wowote. Tangazo lilibandikwa Jumatatu. Hadi siku hiyo waliokuwa wamezitafuta ni wawili: mtaalamu aliyeziunda, na karani wa maktaba aitwaye Bi Upekuzi, aliyepewa kazi ya kuzijaribu kwa kuwa ndiye pekee aliyekiri kwamba hazielewi.

Mtandao wenyewe alielezwa hivi: ujumbe hupitia kompyuta za watu waliojitolea, mkono hadi mkono, mpaka aliyeutuma asijulikane. Anayeonekana ni wa mkono wa mwisho.

"Kama umbea," alisema Bi Upekuzi, na maelezo yakaishia hapo.

Safari hii mkono wa mwisho ulikuwa wa mtoto wa mdogo wake, fundi wa kompyuta chuoni hapo hapo. Mkuu wa chuo alikuwa ametumiwa barua ya matusi, na anwani ya mtandao iliyoonekana ni ya kompyuta ya nyumbani kwa fundi. Kamati ingekaa saa sita mchana kumfukuza kazi. Kumbukumbu zikionyesha kwamba saa barua ilipotumwa kompyuta yake ilikuwa ikipitisha jumbe za watu, amepona.

Bi Upekuzi aliandika anwani, tarehe, saa nne. *Haikupatikana.*

"Mama mkubwa, siku ile niliiunga mtandaoni tangu saa kumi na mbili alfajiri. Naapa!"

"Usiape, kaa. Unanitoa jasho la bure."

"Kumbukumbu hazidanganyi, mama," mtaalamu alisema kwa upole wa daktari.

"Mimi pia sidanganyi, mwanangu. Lakini kukosea, nakosea sana."

Akaisoma upya hati ya mashtaka: saa nne asubuhi. Kisha akatazama pembe ya kioo cha kompyuta, ambako iliandikwa 10:40, ilhali chumba kizima kilijua ni saa nne na dakika arobaini.

"Hii mashine inaanza kuhesabu usiku wa manane?"

"Ndiyo. Kama zote."

"Basi tumeiuliza habari za saa kumi alfajiri. Saa hiyo hata mbaya wako amelala."

Akafuta nne, akaandika kumi. *Imepatikana.*

Fundi aliketi sakafuni, ingawa viti vilikuwepo.

"Inuka! Utaingiaje kwa kamati na vumbi matakoni?"

Mwenyekiti wa kamati, mtu makini, alitaka kujihakikishia mwenyewe. Akaandika saa nne. Haikupatikana. Akaandika tena, safari hii akibonyeza kwa nguvu zaidi. Ilibidi Bi Upekuzi aitwe. Alitumia kidole kimoja, na kabla ya saa saba fundi alikuwa amerudi kwenye meza yake, anakula chakula cha watu wawili na kucheka peke yake.

Tangazo halikubadilishwa. Wiki iliyofuata kurugenzi iliweka benchi nje ya mlango wa Bi Upekuzi.