Mbuzi wa Ukubwa wa Ng'ombe

Mwanangu, naikumbuka vizuri siku niliyokaribia kutolewa shule kwa ajili ya mifupa. Tuliishi kijijini Mutuka, karibu na Babati. Baba yangu alilima mahindi na maharage, na pia alikuwa mzee wa kanisa. Mimi Paulina, mtoto wake wa kwanza, nilisoma sekondari pale mjini Babati.

Mwalimu wetu wa biolojia, Mwalimu Salehe, alikuja darasani na mifupa miwili ya mapaja kutoka buchani, wa mbuzi na wa ng'ombe. Akasema wanyama waliotoweka zamani hakuna aliyewaona wakitembea, ila unene wa mifupa yao unaonyesha walibeba uzito gani, na alama za misuli zinaonyesha walivyokwenda. Akaongeza kwamba viumbe wamebadilika kidogo kidogo, vizazi kwa vizazi, kwa kuwa wale ambao miili yao iliwafaa zaidi ndio waliopona na kuzaa.

Nikachanganyikiwa. Kanisani nilifundishwa kwamba Mungu aliumba kila mnyama kwa namna yake. Nilimwamini baba, na mwalimu pia nilimwamini. Jioni, tukiwa tunakula, nikamweleza baba yote, nikauliza nani anasema kweli.

Baba akarudisha tonge kwenye sahani. "Kesho tunaenda wote. Kama ndivyo wanavyofundisha, unarudi nyumbani na mimi."

Nililia, mwanangu, na sikujua hasa nalilia nini.

Asubuhi baba akavaa koti lake la Jumapili, tukaenda shuleni, tukamkuta Mwalimu Salehe.

"Shikamoo, mzee," mwalimu akasema.

"Marahaba. Mwanangu unamfundisha nini?"

Mwalimu hakubishana. Akaiweka ile mifupa mezani. "Mzee, tuseme mbuzi akue awe mkubwa kama ng'ombe, umbo lake lisibadilike hata kidogo. Atasimama?"

Baba akaishika mmoja mmoja, akaigeuza. "Huu wa ng'ombe ukiuweka na wa mbuzi, umezidi zaidi kwa unene kuliko kwa urefu."

"Ndiyo. Mwili ukikua, uzito unaongezeka haraka kuliko nguvu ya mfupa. Mbuzi huyo miguu ingemshinda."

Baba akairudisha mifupa mezani. "Hilo naliona. Lakini hayo ya viumbe kubadilika, mwalimu, siyaelewi kabisa."

"Hata mimi, mzee, kuna mengi bado najiuliza."

Baba akanigeukia. Mimi tayari nilikuwa nimeshika mfuko wangu wa daftari, nikingoja kuambiwa twende.

"Ingia darasani," akasema. "Mimi nimechanganyikiwa, lakini sikukuleta shule ujue ninayoyajua mimi tu."

Sasa nimezeekea hapa Nakwa. Kanisani naenda, vitabu nasoma, na kuna sehemu mpaka leo hazijakaa sawa kichwani. Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: ukichanganyikiwa usione aibu, wala usimkasirikie aliyekuletea jambo jipya. Mfuate, umsikilize, uangalie kwa macho yako. Ulichokiona kikubali, na usichokielewa sema wazi kwamba hujaelewa. Mungu akutangulie, akupe walimu wavumilivu, na ukija kuwa mzazi akujalie moyo usioogopa maswali ya watoto wako.