Shikamoo Itasubiri

Redempta alipoacha jembe kule Ulemo akaenda kujiunga na zimamoto, kaka yake Zefania alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu atazima jiko, si nyumba!" Tangu siku hiyo akawa anamwita Mzima-jiko, na jina halikufutika hata vyeo vilipoongezeka begani. Redempta ameshuka kwenye visima vilivyomeza watoto. Amekata mabati ya magari yaliyogongana barabara ya Dodoma ili kuwatoa watu. Vijana aliowafundisha kushika mpira wa maji, leo ni wakubwa wa vituo mikoani, wakimwona wanapiga saluti. Kwa kaka yake akabaki Mzima-jiko. Na kila akienda kumsalimia alipiga goti: "Shikamoo, kaka."

Mwaka huu, kustaafu kukiwa kumekaribia, simu ikalia kituoni: mashine ya kukamua alizeti inaungua Ikungi. Ilikuwa ya Zefania.

Ilikuwa siku ya mnada; walipofika, watu walikuwa wameshajaa.

"Mmekuja kuchota majivu?"

"Leo maji mnayo, au mmeleta king'ora tu?"

Maji walikuwa nayo, gari zima. Lakini Redempta aliona tanki la mafuta linawaka, akajua maji yakiingia mle, mafuta yataruka na moto wake na kuwamwagikia watu. Akampita kaka yake bila salamu, akawaamuru vijana wake.

"Peniel, maji kwenye ukuta wa duka la jirani na magunia ya mashudu, moto usivuke. Tanki usiliguse! Witness, andaa povu."

"Ndiyo, afande."

Umati ukaangua kicheko. "Jamani, wanamwagilia ukuta! Labda utaota!" Jiwe likagonga mlango wa gari.

"Hata shikamoo hajampa kaka yake," akasema mama mmoja. "Vyeo hivi!"

"Shikamoo itasubiri, mama. Rudini nyuma!"

Hapo Zefania akaja mbio na ndoo ya maji. Redempta akamzuia kwa kifua.

"Toka, Mzima-jiko! Mali yangu inateketea, maji unayo, unaninyima kwa kiburi?"

"Ukimwaga hiyo utaungua wewe na hawa wote nyuma yako. Kiburi, sawa, kiite hivyo. Hapa hupiti."

Zefania akamsukuma. Redempta hakusogea. Akaikamata ndoo, akaimwaga yote miguuni pa kaka yake. Watu wakaguna: mdogo kumfanyia hivyo mkubwa wake!

Povu likaanza kutoka, likalifunika tanki taratibu kama maziwa yanayofurika sufuriani. Moto ukapunguka, ukajificha, ukajaribu tena upande wa pili, likaufuata hukohuko mpaka ukafa. Paa lilikuwa limekwisha. Mashine ilikuwa imesimama, nyeusi tii, lakini nzima.

"Mmechelewa!" kijana mmoja bado akapaza sauti.

Redempta akamgeukia. "Tumechelewa, ndiyo. Nimedai gari likae hapahapa Ikungi mpaka wakubwa wamenichoka. Nikistaafu nitakwenda kudai nimevaa kanga. Na wewe njoo tudai wote, badala ya kurusha mawe."

Kijana akaliachia jiwe lililokuwa mkononi.

Zefania alikuwa amekaa juu ya ndoo yake, kaigeuza juu chini, viatu vinatiririka maji. Redempta akavua kofia ngumu, akapiga goti kwenye tope, na mabuti yake yaleyale.

"Shikamoo, kaka."

Zefania akaitazama mashine yake.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, afande."