Waliponigawa Nilikuwa Nacheza Rede

Enzi zetu pale Dunda, ukisikia "Watoto, hebu tokeni nje mkacheze," ujue anayezungumzwa ndani ni wewe. Nasi tulitoka, tena mbio! Tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, midomo imekuwa myekundu kwa ubuyu, vumbi mpaka kwenye kope. Utoto ulikuwa mtamu, sikatai. Watoto wa leo wakikimbia hatua mbili wanatafuta chaja.

Lakini kuna jambo linanichemsha damu mpaka leo. Nilikuwa na miaka tisa, niko katikati nakwepa mpira, mama akaniita. Nguo zangu zilikwisha fungwa kwenye kanga yake. "Unakwenda kwa shangazi yako, kule Mkange. Hana mtoto, ukamsaidie." Nikafungua mdomo, baba akanikata: "Mtoto hana kauli hapa." Basi, nikapakiwa. Jamani, hata kuaga wenzangu sikuaga! Shangazi alinipenda, Mungu amrehemu. Mimi nilijifunika ile kanga ya mama mpaka harufu yake ikaisha.

Sasa Ijumaa iliyopita tulikuwa na kikao. Mdogo wangu Seif ameachana na mkewe, na pande zote mbili tukakutana kuamua binti yao Rukia atakaa na nani. Seif akamwambia mtoto, "Shika simu yangu, kacheze gemu chumbani." Wakaanza kumgawa: shule huku, likizo kule, wakijibizana kana kwamba wanagawana vyombo. Nikashindwa kuvumilia.

"Seif, mtoto mmemuuliza?"

"Dada, mtoto wa miaka kumi atajua nini?"

"Atajua anataka kuishi na nani! Mwite hapa, la sivyo kikao hiki hakiendelei!"

Wazee wakaguna, eti nimekosa adabu. Na wagune! Rukia akaja, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja. Baba yake akamuuliza. Mtoto akatutazama wote, akasema, "Nikisema, mtanikasirikia?"

Nikamwambia, "Sema, mama."

Akasema anataka kukaa na mama yake. Seif alifuta machozi, akaitikia.

Watu wananisifu eti nimemtetea mtoto. Niwaambie ukweli: nilimwonea wivu. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na baba na mama walitangulia mbele ya haki bila kuniuliza hata siku moja kama nilitaka kwenda.