Fundi wa Maji Anayeogopa Ukuta wa Jirani

Ngowa Menza anabandika shavu ukutani na kufumba macho. Mkono wake wa kulia unapapasa juu kidogo kidogo, kutoka penye ubaridi mkavu hadi penye ubaridi wa maji. Vidole vinapofika kwenye mstari wa mkaa aliouchora juzi, vinasimama. Unyevu umekwisha kuuvuka mstari huo.

Ni asubuhi, na vichochoro vya nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, bado vina kivuli. Ukimkuta Ngowa hivi utadhani anasikiliza mambo ya nyumba ya pili. Mombasa kazi hiyo ina wataalamu wengi, wala hawahitaji kubandika shavu popote. Ngowa anasikiliza ukuta wenyewe.

"Unasikia?" anauliza kwa sauti ya chini.

Mwandishi wa makala haya hasikii kitu. Anachoona ni chokaa nyembamba inayodondoka kutoka juu, mahali boriti za dari zinapoingia ukutani, na kutua juu ya shuka safi la kitanda. Kitanda hicho ni cha Bi Swafia, mwenye nyumba, ambaye yuko uani akichambua mchicha kwa vidole kwa sababu macho yamemwishia. Hajaambiwa kwa nini fundi amekuja tena.

Ngowa, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni fundi wa vidimbwi, chemchemi na maporomoko madogo ya mawe kwenye nyua za watu. Kila asubuhi huvuka daraja la Makupa akitokea Changamwe, mfuko wa patasi begani. Kazi ikipatikana, juma zima humpa kama shilingi elfu nane. Ikikosekana, anasema, hupata salamu tu.

Wateja wake wengi ni watu waliojaribu wenyewe kwanza. Huona kwenye simu mtu akipanga mawe, akitumbukiza pampu ndogo ndani ya beseni, na maji yakicheza. Wanafanya vivyo hivyo, na kufikia jioni maji yako sebuleni. Simu haionyeshi maji yanakokwenda video ikishakwisha, na hapo ndipo Ngowa huitwa.

Ndivyo alivyoitwa na Sheikha, mshonaji wa mabuibui ambaye nyumba yake inashiriki ukuta mmoja na ya Bi Swafia. Sheikha alikuwa ameanza na beseni la kufulia, pampu aliyoitoa kwenye feni ya kupoza hewa kwa maji, na mawe aliyoyapanga kwa mikono yake mwenyewe.

"Nilitaka uani kuwe na kitu cha kumpumzisha mtu moyo," anaeleza. "Cherehani mchana kutwa, kelele tupu. Mawe yalianguka mara mbili. Mara ya tatu nusura yaniangukie mguuni, nikamwita fundi."

Ngowa alimfanyia kazi ambayo hadi leo watu huja kuipiga picha. Aliegemeza mawe kwenye ukuta kutoka sakafuni hadi karibu na usawa wa dari, na maji yakawa yanashuka kwa kurukaruka, jiwe hadi jiwe, mpaka kwenye kidimbwi chini. Mawe yenyewe aliyanunua kwa vibarua wanaosafisha nyumba kongwe zilizobomoka.

"Kila jiwe unaloliona hapa liliwahi kuwa ukuta wa mtu," anasema. "Wakati ule sikulifikiria jambo hilo. Nililipenda jiwe tu, lilivyochongwa. Sasa nalifikiria kila nikiweka kichwa kwenye mto."

Ukutani mle mlikuwa na ufa. Haukuwa mkubwa, kidole hakipiti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Ngowa ni mtu wa kuwasikiliza wahenga. Aliuziba ufa ule kwa saruji, kisha akapaka saruji upande wote wa Sheikha ili maji yasipenye. Balaa lilianzia hapo.

Kuta za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zikilowa hunywa maji, na jua likitoka huyatema. Saruji haijui mambo hayo. Maji yalipata tundu dogo nyuma ya mawe, yakaingia, na yalipotaka kutoka yakakuta upande wa Sheikha umefungwa. Yakaelekea upande wa pili, kwa jirani ambaye hakuwahi kuomba chemchemi.

Mwaka mzima hakuna aliyejua. Sheikha alikuwa akiongeza maji kidimbwini kila siku akidhani ni jua linayakausha. Siku moja alimtajia Ngowa jambo hilo katika mazungumzo tu, huku akimmiminia kahawa. Ngowa anasema kahawa ile hakuimaliza.

Alizunguka kichochoroni akapiga hodi kwa Bi Swafia. Bibi huyo alipomjua ni nani, alifurahi kama aliyepata mgeni kutoka Hija. Alimshika mkono akamwingiza mpaka chumbani, akamwonyesha kitanda alichokisogeza mwenyewe kikagusana na ukuta. Tangu mumewe afariki, alimwambia, usiku ulikuwa hauishi. Maji ya kwa Sheikha yalipoanza kusikika ukutani, akapata usingizi tena. Alimwombea dua ndefu aliyeyaleta.

Wakati dua ikisomwa, Ngowa alikuwa akitazama juu. Ncha za boriti zilikuwa nyeusi. Bibi alipotoka kwenda kumletea maji ya kunywa, alipanda kwenye kiti akachoma boriti moja kwa msumari. "Msumari uliingia kama unaingia kwenye mkate wa kumimina," anasema. "Nilishuka. Sikumwambia neno. Nilikunywa maji yake nikaaga."

Si mara ya kwanza kwake kuona kitu cha mawe kikianza kuachia. Akiwa kijana alikata mawe ya kujengea kwenye machimbo upande wa Kilifi, pamoja na kaka yake, Kitsao. Usiku mmoja mvua ilinyesha. Asubuhi ukingo wa shimo ulikuwa ukidondosha vumbi jembamba. Ngowa alimwambia kaka yake watoke. Kitsao akacheka, akasema ni vumbi tu.

"Tulimfukua sisi wenyewe, kwa mikono," anasema Ngowa. Anakwaruza saruji iliyokauka kwenye ukucha wake. "Ndiyo nikaja kwenye bustani za watu. Nilijiambia mawe madogo na maji ya kuchezea hayaui mtu."

Sheikha alipopewa habari alizima pampu papo hapo. Lakini nani amwambie Bi Swafia? Wote wawili waliogopa. Walijua kwamba habari ikimfikia Zakariya, mwanawe aliye Maskati, mama atahamishwa na nyumba itafungwa. Ngowa akachagua njia ya mkato: alimwambia bibi kwamba pampu imeharibika.

Uongo huo ulikuwa na miguu mifupi. Kila siku Bi Swafia aligonga ukuta kumuuliza Sheikha kama pampu imepona. Hakuwa akilala. Sheikha, ambaye moyo wake ni laini kuliko vitambaa anavyovishona, akaanza kuyafungulia maji kidogo saa za kulala, bila kumwambia fundi. Ngowa alichora mistari ya mkaa kwenye ukuta wa chumba cha bibi, akaona unyevu unaivuka mmoja baada ya mwingine, akashindwa kuelewa maji yanatoka wapi.

Alfajiri ya leo kipande cha chokaa chenye ukubwa wa sahani kilianguka juu ya mto wa Bi Swafia. Yeye alikuwa ameinuka kuswali. Sheikha alisikia kishindo kupitia ukutani, akakimbia kwa jirani, kisha akampigia simu Ngowa akilia na kumweleza yote.

Na masika yako mlangoni. Mawingu yamefunga tangu jana. Ukuta uliolowa kwa ndani ukilowa tena kwa juu, Ngowa anasema, hatujui utachagua kuanguka saa gani. Amekuja kumwambia bibi ukweli na kumtoa chumbani humo, na tangu alipoingia amekwisha kuufuta uso wake kwa shati mara kadhaa.

Anatoka kwenda uani, anachuchumaa mbele ya kiti cha Bi Swafia.

"Mamangu, pampu haikuharibika," anasema. "Nilikudanganya. Maji yangu yameozesha boriti zako, na kitanda chako kiko chini yake."

Bi Swafia haachi kuchambua mchicha. Anatupa jani bovu, anaweka zuri siniani.

"Wewe fundi, waniogopea mimi au wajiogopea nafsi yako?"

"Vyote viwili, mamangu."

"Basi angalau wasema kweli." Anapangusa mikono kwa kanga. "Mtanga waniangukia usoni tangu Ramadhani. Kila usiku. Napangusa, nalala. Mato hayaoni, lakini uso wajua."

Ngowa anamuuliza mbona hakusema kwamba mchanga wa dari unamwangukia.

"Ningesema, mngeyazima maji. Na Zakariya angekuja anitie kwenye gari anipeleke Bamburi, ghorofa ya nne, nikae huko simjui jirani wala jirani hanijui. Nikaona heri mtanga."

Kwa hiyo nyumba mbili zilikuwa zikificha jambo moja. Upande huu wa ukuta bibi alijua na akanyamaza, na upande wa pili walijua na wakanyamaza, na katikati yao maji yalikuwa yakila boriti kwa raha zake. Mwandishi alitamani kumkasirikia mtu, akakosa wa kumkasirikia.

Bi Swafia anadai kwamba yeye haogopi, umri wake umekwisha kufika. Ngowa anamjibu kwa heshima kwamba kwa mwoga huenda kicheko.

"Na kwa shujaa huenda kilio," bibi anamalizia. "Najua. Usinisomeshe."

Lakini anainuka. Anakubali kuhamia chumba cha upande wa pili wa ua, ambacho hakigusani na kwa Sheikha. Sharti lake ni kitanda. Ni cha mvule, cha harusi yake, na hakubali kulala kingine.

Kitanda cha mvule hakibebwi na mtu mmoja. Ngowa anamtazama mwandishi, na mwandishi, ambaye alikuja na kalamu tu, anajikuta ameshika upande wa miguuni. Ngowa anatoa amri kwa kunong'ona: hakuna kuburuta, hakuna kugonga ukuta, na akisema toka, kitanda kiachwe hapo hapo. Kwanza anasimamisha magogo mawili chini ya boriti iliyo mbaya zaidi. Hata magogo yenyewe anayaweka kama anayemvisha mtoto mchanga.

Tukiwa katikati ya chumba, boriti inalia. Ni mlio mfupi, mkavu, wala si mkubwa. Chokaa inatumwagikia kichwani. Mwandishi anaona mlango uko mbali mno, ingawa ni hatua chache tu. Ngowa amesimama wima, macho kwenye dari, mdomo wazi, na uso wake si wa mtu wa makamo tena bali wa kijana aliyesimama ukingoni mwa shimo. Kisha anatikisa kichwa kuelekea mlangoni, nasi tunatoka, kitanda mkononi, bila kupumua.

Uani anakaa chini sakafuni kwa muda mrefu. Sheikha, aliyekuja kwa kichochoro, anampa maji, kisha anakwenda kupiga magoti mbele ya Bi Swafia na kumwomba radhi kwa yale maji ya saa za kulala. Bibi anamwambia kuwa alijua ni yeye, na kwamba ndizo saa alizolala vizuri. Kisha anamwomba ampigie Zakariya simu, kwa sababu Sheikha anajua kueleza jambo bila kumtia mtu kiwewe.

Kazi iliyobaki ni ndefu. Ngowa anakusudia kung'oa maporomoko yote, jiwe moja moja, kuanzia juu, kisha kubandua saruji na kuuacha ukuta upumue. Anasema utachukua miezi kukauka. Boriti mpya zitaingia baadaye, na ufa utazibwa kwa chokaa kama ulivyozoea. Kazi hii haimlipi mtu, na hajaulizwa na yeyote atailipia vipi.

Tena ana mpango mwingine. Katikati ya ua wa Bi Swafia, mbali na kila ukuta, anataka kuchonga jiwe moja liwe bakuli, na maji yawe yakiinuka ndani yake kutoka chini na kurudi humo humo.

"Lisiguse kitu," anasema. "Mtu akitaka kuona maji yanakokwenda, alizunguke pande zote aone. Ukuta ukisimama mpaka mvua iishe, nitalianza."

Adhuhuri Bi Swafia anajaribu kujinyoosha kwenye chumba kipya. Shuka limekung'utwa, mto umebadilishwa. Baada ya muda anaita. Ngowa anaingia, anasimama kando ya mlango.

"Kimya hiki chanitisha," bibi anasema. Tangu asubuhi hajakiri kuogopa kitu.

Ngowa anatazama huku na huku. Anachukua ndoo ya maji na kata, anaweka beseni tupu sakafuni, anakaa juu ya kigoda karibu na kitanda. Anachota, anamimina.

"Polepole," anasema Bi Swafia.

Anapunguza. Maji yanashuka kwa uzi mwembamba, na bibi anageukia upande wake, mkono chini ya shavu. Nje, matone ya kwanza yanagonga mabati ya jirani, machache, kisha mengi. Ngowa anainua uso kuelekea chumba cha zamani, ng'ambo ya ua, na kuusikiliza ukuta. Mkono wake hauachi kumimina.