Njia Ambayo Bibi Hakuambiwa

Juzi jioni binti yangu alifungua kidumu cha njano kilichosahaulika chini ya meza ya jikoni, hapa kwetu Musoma, na harufu ya uji wa ulezi uliochacha ikajaa nyumba nzima. Yeye aliziba pua akacheka. Mimi nilibaki kwenye kigoda na ungo wa dagaa mapajani, nikashindwa kuendelea kuchambua.

Alikuwa anatafuta chombo cha maji ya safari. Yeye na wenzake wa chuo wanapanga kwenda kwenye hifadhi moja ya mlima wenye msitu, wapande hadi kwenye maporomoko ya maji, kisha wazunguke na kushukia upande wa pili. Siku nne sasa meza yangu imejaa makaratasi yao. Mipango ya namna hiyo naijua, jamani, na kosa lake nalijua.

Nilikuwa na miaka kumi, nikiishi na bibi yangu mzaa mama kwenye kijiji kimoja cha Butiama. Nyuma yetu kulikuwa na mlima wenye msitu ambao kijiji kilikataza usikatwe, na masika yakikolea maji yalianguka humo ndani kwa kishindo kidogo ambacho asubuhi, kabla kuku hawajaanza fujo, tulikisikia hadi uani. Nilikuwa nakisikia tangu nijitambue. Sikuwahi kufika.

Likizo ya Pasaka akaja binamu yangu Magesa kutoka Bunda. Alikuwa darasa la sita, anakaa karibu na stendi ya mabasi, na kwa sababu hizo mbili hakukuwa na jambo asilolijua.

"Kwenda na kurudi njia ileile ni ushamba," aliniambia. "Sisi tunazunguka. Tunapandia huku, tunashukia kule."

Alichora ramani nyuma ya kalenda ya zamani yenye picha ya pamba. Tulipanga wiki nzima. Viazi vitamu vinane. Mahindi ya kuchemsha. Kamba ya kufungia ndama, kwa ajili ya hatari ambayo Magesa hakuwahi kuitaja jina. Saa hatukuwa nayo, kwa hiyo alikadiria kwamba safari nzima ni sawa na kuzunguka kanisa mara sitini, na tukaanza mazoezi ya mara kumi na mbili kila jioni. Ilikuwa Juma Kuu. Katekista akatuona tukizunguka kanisa kimya kimya, vichwa chini tukihesabu, akadhani ni toba. Akaenda kumpongeza bibi kwa malezi mema. Bibi alifurahi mno, na tulipoomba ruhusa ya kwenda kwenye maporomoko Jumatatu ya Pasaka alikubali bila hata kuuliza mara mbili.

"Mrudi mapema," alisema tu. "Mimi nitakuja kuwapokea."

Hapo ndipo tulipoteleza. Kwa bibi hakuna mtu aliyerudi nyumbani peke yake. Ukienda gulioni, kisimani au mashineni kusaga, mtu wa nyumbani alitoka kukufuata kwa njia uliyoendea, akupokee mzigo na akupe kitu cha kunywa. Nilizaliwa nikaikuta desturi hiyo, ndiyo maana sikuifikiria kabisa, na Magesa naye alikuwa anafikiria ramani yake.

Maporomoko yenyewe, nisiwadanganye, hayakuwa makubwa. Lakini kwangu yalikuwa makubwa vya kutosha. Kulikuwa na ubaridi wa majani mabichi, mvuke ukitulowesha nyusi, na chini yake bwawa la maji meusi ambalo tulitia miguu tu. Tulikula viazi vyote. Ukanda wa kandambili moja ya Magesa ukakatika, na kwa kuwa nyingine isingemfaa peke yake, alizipanga zote mbili vizuri juu ya jiwe, ukingoni mwa maji, akasema atashuka peku. Tukashukia upande wa pili, akichechemea na kujisifu.

Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mlango umefungwa kwa kamba, bibi hayupo. Tukadhani yuko kwenye sala za jumuiya. Tulikuwa tunapigana mieleka uani kwa furaha jirani yetu, Mama Wandwi, alipopita na kuni zake. Alisimama ghafla.

"Nyangeta, nyie mmepitia wapi? Bibi yenu si amewafuata huko mlimani? Kapita kwangu mchana na kidumu cha uji."

Nilimtazama Magesa. Bibi alikuwa na goti bovu, hata kisimani hakuwa anakwenda tena.

Tulikimbia. Magesa alikimbia peku juu ya mawe na hakulalamika. Kila kona nilitegemea kumkuta amekaa akipumzika, na kila kona haikuwa na mtu. Nilikuwa nalia kwa sauti kabla hatujafika.

Tulimkuta bwawani. Alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, na kitenge chake kipya cha Pasaka, yeye ambaye hakujua kuogelea. Alikuwa na mti mrefu mkononi, anachoma chini polepole, hapa, halafu pale. Kandambili za Magesa zilikuwa bado juu ya jiwe, na pembeni yake kidumu cha njano.

Nikamwita. Aligeuka, akatutazama, kwanza mimi, kisha Magesa, kisha mimi tena. Sisi tulingoja fimbo. Alitoka majini taratibu, akakaa kwenye jiwe, akafungua kidumu.

"Kunyweni," alisema. "Watu wakirudi wanapewaga uji."

Tukanywa, na ulikuwa umeanza kuchacha kwa jua. Magesa akaanza kueleza habari za kuzunguka, bibi akamkatiza kwa upole. "Mimi nawafuataga njia mliyoendea, baba. Hiyo nyingine sikuambiwa." Tukashuka naye kwa njia ileile, mimi nikiwa mkongojo wake upande mmoja, Magesa upande wa pili.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama bahati: tulikosa, hatukuchapwa. Nilielewa nilipopata mtoto wangu mwenyewe. Bibi hakutuchapa kwa sababu, tulipomwita, alikuwa ameshatuzika. Pale majini alikuwa anatafuta maiti zetu, ili atupokee hivyo hivyo.

Goti lile halikupona tena.

Binti yangu amemaliza mipango yake. Ana buti, ana dawa, ana ramani kwenye simu. Jana usiku nilimpa kalamu na karatasi.

"Niandikie mtakaposhukia," nikamwambia.

"Mama, hata hupajui. Na si unakaa huku Musoma?"

"Andika tu."

Akaandika huku akicheka. Karatasi nimeibandika ukutani, juu ya meza ya jikoni. Kidumu nimekiosha, na ulezi nimeshaupeleka mashineni.