Sufuria ya Watu Wawili

Tangu mkewe afariki, Mzee Chaki alikuwa akinywa chai amesimama. Kikombe kimoja chenye sukari nyingi, kipande cha mkate mweupe, kisha huyo, anafunga mlango. Mtu anayekula amesimama ndani ya nyumba yake mwenyewe ameanza kujidharau, lakini hapakuwa na wa kumwambia hivyo.

Alikuwa mkataji katika karakana ya sare za shule, na jina lilitokana na chaki isiyobanduka sikioni mwake. Mshonaji akikosea atafumua. Mkataji hana cha kufumua, kilichokatwa kimekatwa.

Kila siku alianza kazi vizuri. Jua likipanda kidogo tu, njaa ilimrudia, naye akawa anachungulia kibanda cha chai ng'ambo ya barabara. Huko alikunywa chai nyingine tamu, akala keki, akataniwa na mama muuza chai, akarudi na nguvu za kuazima.

Asubuhi moja, njaa ikimsukuma amalize upesi, alisahau kugeuza karatasi ya kipimo ili akate na mikono ya kulia. Rundo zima la makoti likatoka na mikono ya kushoto tu.

Mwenye karakana, mama asiyepaza sauti, aliinua mmoja, akainua mwingine.

"Mzee wangu, watoto wa shule hii hawana mkono wa kulia?"

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Ikitokea tena, nakuhamishia kwenye vifungo."

Kushona vifungo ni kazi ya wanaojifunza. Kwa mtu aliyezeekea kwenye mkasi, hapo ni kuvuliwa nguo mbele za watu.

Mpiga pasi, dada wa meza ya pili, alimsogelea.

"Kaka, asubuhi umekula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Mkate. Kwani wewe polisi?"

"Hujala, umesukutua! Sukari na mkate mweupe ni moto wa karatasi, unawaka na kuzima. Kula maharage, weka na yai, na tunda usilimenye. Hivyo vinakaa tumboni."

"Maharage hupikwa kwa sufuria, dada. Sufuria ni ya watu, si ya mtu mmoja."

Mpiga pasi akarudi kwenye pasi yake.

Jioni ile Mzee Chaki aliishusha sufuria aliyoiachia vumbi. Mkono ulipima kwa mazoea, na maharage yaliyoiva yakawa ya watu wawili. Asubuhi aliketi. Alikula polepole, kwa kuwa chakula kile kilidai kutafunwa, akamalizia na yai. Yaliyobaki aliyafunika, akatazama kiti cha pili, kisha akaenda kazini.

Watu husema hamu ya kula haina adabu. Si kweli. Hamu hufuata malezi, na anayeilea kwa sukari asiilaumu ikimlilia kabla ya adhuhuri.

Siku hiyo mkasi haukuwa na haraka. Mpiga pasi alitandaza mikono ya koti juu ya meza.

"Kulia, kushoto. Haya, bwana mkubwa, vifungo vimekukosa!"

Mzee Chaki akacheka naye. Kisha wenzake wakaondoka kwenda kibandani kwa chai.

"Huji?" mpiga pasi akauliza mlangoni.

"Nimeshiba."

Lilikuwa jibu la kweli. Alitandika kitambaa kingine, akageuza karatasi ya kipimo kama inavyopasa. Ng'ambo ya barabara alisikia mama muuza chai akiuliza, "Chaki wangu leo yuko wapi?" na mtu akamjibu kwamba ameshiba.